Jibu kwa Oda ya Sketi Mia Tatu

Bwana Mnunuzi,
karatasi yako imefika hapa Oaxaca.
Mjukuu amenisomea mara mbili,
maana mara ya kwanza nilidhani ameongeza sifuri.

Sketi mia tatu, umeandika, kabla ya Krismasi,
zambarau ileile ya dirishani kwenu,
na lebo za kushona kiunoni:
Maadili. Asili. Endelevu.
Neno la tatu ilibidi nifafanuliwe.
Mjukuu akasema: ni kitu kisichokwisha.
Nikacheka hadi uzi ukaniponyoka.

Basi nikueleze kinachokwisha.

Mume wangu Tranquilino huteremka pwani mwezi wa kumi,
kwa basi hadi njia panda, kisha kwa miguu,
tortilla kavu mfukoni,
kitita cha pamba mkono wa kushoto.
Hungoja maji yapwe.
Huwatafuta konokono kwenye nyufa za mwamba,
kule ambako wimbi hukupiga mgongoni
kabla hujalisikia.
Huwabandua mmoja mmoja kwa kijiti,
taratibu, kama unavyomwachisha titi mtoto aliyelala.
Humpulizia. Konokono hukasirika, hutema maziwa.
Tone. Tone jingine.
Uzi huwa mweupe, kisha manjano,
kisha kijani cha nyongo,
halafu jua likiulamba, zambarau.

Na hapa ndipo bei yako inapokatikia, Bwana:
humrudisha.
Si kumtupa. Humrudisha
upande wa kivuli na unyevu, mguu wake ushike mwamba,
na hamgusi tena
mpaka mwezi uandame upya.

Kitita kimoja hula konokono mia tatu.
Namba yako hiyo, naona unaipenda.
Sketi moja hula vitita viwili.
Piga hesabu. Mjukuu alijaribu, kalamu ikakauka.

Walikuja wengine zamani, wenye haraka, ndoo na patasi.
Waliwakamua hata msimu wa kutaga,
wakawaacha juani, matumbo juu.
Miaka mitano Tranquilino alirudi
na pamba nyeupe kama alivyoondoka nayo.
Mama yangu akafa katikati ya miaka hiyo,
nikamzika na sketi ya rangi ya dukani.
Mvua ilitukuta njiani kwenda makaburini,
rangi ikamchuruzika miguuni.
Sisi Wamisteki tuliokuwa tumembeba
tuliitazama, hakuna aliyesema kitu.

Sikulaumu wewe. Ulikuwa hujazaliwa, pengine.

Nyekundu ni vidudu vya mpungate, nalea mwenyewe uani.
Buluu ni nili ya Macrina,
naye hakopeshi.
Kitanda changu cha kufumia ni huu mgongo:
mkanda kiunoni, ncha ya pili kwenye nguzo ya jikoni.
Nikiegemea nyuma, nguo inakaza.
Nikikohoa, mstari unapinda.
Utaukuta umepinda kwenye sketi ya pili.
Nilikohoa.

Pindo litanuka bahari, hata ulifue kwa sabuni gani.
Usimwambie mteja kuwa ni kasoro.
Ndiyo njia yetu ya kuitambua ya kweli:
wajane sokoni huinama na kunusa
kabla ya kuuliza bei.

Naweza sketi sita.
Saba, mgongo ukikubali.
Kama hazitoshi, nenda kwingine, sina kinyongo.
Kama zinatosha, tuma nusu ya pesa sasa,
dereva wa basi hapokei sifa.

Lebo zako nakurudishia,
pungufu kumi na moja.
Mjukuu amewafunga nazo kuku miguuni
ili wasichanganyike na wa jirani.
Wamependeza.

Mwezi umeandama jana.
Waliokamuliwa wamebakiza siku ishirini na saba.

Eufrosina