Mashua ya Pasua

Mtaa wetu unaitwa Pasua,
jina la nuksi kwa mtu anayeunda chombo.
Nilimwambia Kaanaeli hivyo, akacheka,
akaendelea kumenya ndizi za mtori.

Mimi ni fundi cherehani. Nimekata magauni
miaka kumi na tisa barazani Double Road,
na sijui kitu kingine cha kufanya na umbo
ila kulipima, kulipiga chaki, kulikata, kulishona.
Kwa hiyo plaiwudi nne nilizilaza uani kama vitenge:
hapa kifua, hapa kiuno, hapa nyonga,
hapa nimeacha nafasi ya kupumua.

Nikatoboa pindo kwa pindo,
nikashona kwa waya wa shaba
tuliouchuna kwenye pampu iliyoungua.
Mishono mia mbili na sita.
Niliihesabu usiku, LUKU imekwisha,
tochi ya simu nimeing'ata mdomoni.

Usidhani maisha yalisimama kuipisha.
Ombeni alifanyia humo hesabu za darasa la sita,
akaacha KDS ya tano na saba ubavuni, kwa kalamu,
haifutiki.
Mtetea alitotoa chini ya omo;
siku ishirini na moja tulipita tukinyata.
Masika ilipokuja, gundi ikagoma kukauka,
mashua ikalala kifudifudi wiki tano
chini ya turubai la kuazima,
na Mama Ndeshi muuza mbege, kila akipita:
"Fundi, hilo ni jeneza la tembo?"

Jumapili tulitoka kuitafutia maji.
Tulipanda Materuni, maporomoko yakatulowesha nyusi;
Kaanaeli akasema, hapa haitaelea, itaanguka tu.
Chemka, Aikande alijitupa kutoka kwenye kamba
kabla sijamaliza kusema "usi—"
na samaki wadogo wakatudonoa vidole vya miguu.
Chala tulichungulia kutoka ukingoni:
buluu ile, nyingi mno,
kama kitambaa cha mteja mwingine. Sikuigusa.
Tulirudi na miiba ya migunga kwenye soksi,
Mlima umeshavuta blanketi lake saa tisa.

Geti nilikuwa nimelipima kabla ya yote.
Nilichosahau ni mgomba wa mama mkwe,
uliozaa mkungu wake mlangoni, haujakomaa,
na yeye ameketi kando yake na panga mapajani,
haongei.
Wanaume sita waliinyanyua mashua juu ya vichwa,
wakaipitisha hewani, mgomba ukainama kidogo
kama mtu anayepisha maiti,
kisha ukasimama. Mama mkwe akaweka panga chini.

Bwawani Nyumba ya Mungu, asubuhi, upepo mdogo.
Ilikaa majini kama mgeni kwenye kochi jipya,
haijui iegemee wapi.
Tulipiga makasia ya mgrivea, mmoja kulia, mmoja kushoto,
tukazunguka, tukazunguka, wavuvi wakatuonea huruma
wakatuonyesha kwa mikono.
Kisha tukanyooka.

Ilivuja. Mahali pamoja tu,
nami nilipajua kabla ya maji kupajua:
mshono wa usiku ule wa shela la bi harusi wa Kiboroloni,
niliposhona macho yamefumba.
Kaanaeli alikumba maji kwa kikombe cha chai
na hakusema neno, na hilo ndilo nitalikumbuka.

Watu huuliza, kwa nini?
Nimewashonea nguo za safari, za Mwanza, za Mombasa,
za kupokelewa stendi na za kuagwa stendi.
Wamezivaa wakaenda. Mimi nimebaki na vipande.

Sasa imerudi uani. Nyuki wameipenda gundi yake,
soksi za shule zinakauka ukingoni mwake,
na kuna mshono mmoja wa kufumua.
Kwa hiyo, dada, gauni lako halijawa tayari.
Njoo Ijumaa.
Ijumaa kweli.