Pumzi ya Zihindula

Kwa fundi Cirhuza, Kadutu, chini ya ngazi,
niliibeba mashine ndani ya mfuko wa unga.
Haiwaki, nikasema. Au inawaka ikitaka,
picha nusu, kisha kijivu kitupu.

Akaifungua. Meno sabini na mawili,
akayainua kwa sindano, moja moja,
kama anayemwamsha mtoto bila kumtisha.
Kisha akageuza kaseti kwenye mwanga:
«Nani alikuwa anapuliza humu?»

Sote. Lakini zaidi kaka Zihindula,
mashavu tele, fuu! mara tatu,
na picha ikija tulimshangilia yeye, si mashine.

«Basi mate yenu ndiyo haya. Kutu.
Pumzi haikusaidia kitu,
ni kule kuchomoa na kuchomeka tena.»
Pamba, spiriti, raba ya shule.
Pamba ikatoka nyeusi, ikatoka kijani,
mwisho ikatoka kama ilivyoingia.

Sasa inawaka kila ninapobonyeza,
umeme ukiwapo.

Ila kaseti ile ya mbio za magari
nilimshika fundi mkono. Hiyo acha.
Haichezi, najua haichezi.
Tangu aende Shabunda
hatujapata pumzi yake nyingine.