Hesabu ya Makoti

Mimi natunza makoti, mlango wa nyuma wa Bunge, Kopenhageni.
Kulabu mia moja sabini na tisa, za shaba.
Wao walihesabu kura kule juu; mimi nilihesabu huku chini,
kwa sufu, kwa ngozi, kwa maji yanayochuruzika sakafuni.
Hesabu zetu zilianza kukosana kwa sababu ya mtu mmoja.
Nitafika huko.

Mwaka ule Vibeke Holmstrup alishinda bila kushinda.
Makoti sabini na moja, basi.
Tumezoea kusema wengi wape;
safari hii waliopewa ni wachache,
maana wale wengi, kila mmoja na nongwa yake,
hawakuweza kukubaliana hata juu ya saa ya chai.

Basi akaanza kuazima.
Jumatatu anaazima kushoto: kodi ya matajiri ipande kidogo.
Alhamisi anaazima kulia: mpaka ufungwe kidogo.
"Kidogo" ndilo lililokuwa neno la muhula mzima.
Niliwasikia ngazini wakipatana kwa minong'ono,
hospitali ya kisiwa kimoja kwa kura nne,
kilomita sita za reli kwa kura mbili,
na mama yangu, fundi cherehani, angecheka:
nguo ya kuazima haisitiri matako.

Lakini ilisitiri. Niseme kweli.
Majira matatu ya baridi ilisitiri.
Walimu walilipwa.
Bajeti ya pili ilipita saa tisa usiku,
Sunnvá wa Visiwa vya Faro akiingia mbio,
ndege yake imezuiwa na ukungu tangu asubuhi;
alibonyeza kitufe cha kijani kidole kikidondosha mvua,
na tofauti ilikuwa moja. Yeye.
Aliposhuka alikuwa anatetemeka. Nikampa kahawa.
Sikumwona mtu wa kumshukuru.

Kisha Ejvind, wa chama cha Vibeke,
akaanguka mezani, kijiko cha supu mkononi.
Walimtoa kwa machela, amefunikwa blanketi.
Koti lake la kijivu likabaki kwangu, kulabu sabini na nne,
kifungo cha tatu kikining'inia kwa uzi.
Nilikuwa nimemwahidi nitakishona.
Tangu siku hiyo makoti yalizidi kura kwa koti moja.

Siku ya kura ya kutokuwa na imani kengele ililia,
ngazi zikanguruma kwa viatu.
Mmoja akashuka badala ya kupanda:
Torkild Bruun wa upinzani, mdomo mchafu kuliko wote,
aliyemwita Ejvind mbwa koko wa serikali,
kwenye kipaza sauti, mara mbili.
Akavuta kigoda, akakaa katikati ya makoti.
"Bodil," akasema, "una karata?"
Tukacheza. Kengele ikalia tena, kwa hasira.
"Watakutafuta," nikasema.
"Wataanzia msalani." Akachanganya karata.
"Mtu hapigwi akiwa kitandani."
Alinifunga michezo mitatu.
Siku hiyo makoti yalizidi kura kwa makoti mawili,
na serikali ikaponea chupuchupu.
Kabla ya Ijumaa chama chake kilimvua kamati zote.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini muhula uliishia Aprili, kwa kivuko,
nauli ya kivuko cha magari, kroni kumi na mbili,
jambo lisilowahi kumkosesha mtu usingizi.
Vibeke aliazima kulia, akaambiwa hakuna.
Aliazima kushoto, akaambiwa tulikukopesha jana.
Alikuja kuchukua koti lake mwenyewe, bila msaidizi,
akasahau glavu moja.

Sasa mabango yamerudi kwenye nguzo za taa,
nyuso zimelowa, zote zinaahidi wingi.
Seremala anapita akikaza kulabu zilizolegea.
Kifungo cha tatu nimekishona, uzi mara mbili.
Mke wa Ejvind alisema angekuja kulichukua, hajaja.
Mbunge mpya wa sabini na nne
itabidi asubiri kidogo.