Kipande cha Ishirini na Tatu

Yoti ilitia nanga mbele ya Shela siku ya Jumanne,
na Famau, mtoto wa kaka yangu, mwenye boti ya injini
na ulimi wa kuamkia wageni kwa lugha sita,
akanitupia magunia mawili mlangoni.
"Shangazi, yeo wamekuya watu wa nguo.
Wawili tu, mume na mke, wametoka Shelisheli.
Siku kumi na moja hawajaoga maji baridi."

Mimi huandika kabla sijalowesha.
Daftari la shule, kalamu ya risasi:
shuka nne, foronya nne,
mashati matano yaliyokauka kwa chumvi hadi yakasimama yenyewe,
taulo, suruali fupi,
kitambaa cha kufutia vyombo chenye picha ya kinu cha upepo.
Karatasi waliyoituma ilisema vipande ishirini na viwili.
Nikahesabu. Ishirini na vitatu.
Nikarudia, maana mteja akikosa soksi moja
jina lako litafika Matondoni kabla yako.

Kilichozidi kilikuwa kigauni
cha buluu, kifungo kimoja mgongoni,
urefu wake kiganja changu hadi kiwiko.
Kwenye ukosi, uzi mwekundu ulishona jina
ambalo sikulisoma; miwani yangu ilikuwa kwa fundi.
Nikasema, ah, wana mtoto, Famau hakumwona,
alikuwa amelala chini ndani.
Kifuani pana doa, la embe au la uji.
Doa ni doa, na madoa ndiyo yanayonilisha.

Maji ya kisima chetu yana ukali,
sabuni haitoi povu mpaka uibembeleze.
Nikaibembeleza. Ndimu, kisha jua, kisha ndimu tena.
Nimewahi kutoa wino wa mwalimu, mafuta ya injini,
hina iliyomwagikia kanzu ya bwana harusi asubuhi ya nikahi,
doa la uji litanishinda?
Alasiri kigauni kilining'inia darini,
kinanuka ndimu na upepo, basi.
Nikakipiga pasi ya makaa peke yake
na kukiweka juu ya vyote
waone nilivyojali.

Ijumaa mke alikuja mwenyewe,
viatu mkononi, pua imebabuka,
akiyumba bado, kana kwamba ardhi ndiyo inayoelea.
Akafungua gunia.
Hakupiga kelele. Alikipeleka puani.
Akanusa mara ya kwanza kama mtu anayebisha hodi,
mara ya pili kama anayesikiliza kama ndani mna watu,
mara ya tatu akaketi kizingitini kwangu,
na punda waliobeba mchanga wakapita wakimgusa magoti.

Famau ndiye aliyenielewesha, kwa sauti ya chini,
akitazama vidole vya miguu yake:
lile jina la uzi mwekundu
ndilo lililopigwa rangi nyuma ya yoti.
Mle ndani hamna mtoto.
Kigauni kilikaa chini ya mto, ndani ya mfuko uliofungwa,
na mume alikusanya nguo usiku, bila taa.

Kwetu tuna maneno ya msiba,
yamepangwa kama vyombo kabatini,
unayatoa, unayarudisha.
Sikutoa hata moja.
Niliingia ndani, nikafungua kasha,
nikatoa leso ya mwisho ya mama, ile ambayo
miaka minane sijaipitisha majini,
nikaketi karibu naye, nikaitandaza magotini petu.
Aliinama, akanusa.
Karafuu, jasho, moshi wa jikoni,
mtu asiyemjua.
Akanitazama. Alielewa, au alichoka tu, sijui.

Alitaka kulipa vipande ishirini na vitatu.
Nilipokea vya ishirini na viwili.
Kesho yake maji yalipojaa waling'oa nanga,
sikwenda kutazama, nilikuwa na shuka za hoteli.
Lakini daftari ninalo, na mstari ule upo:
gauni, buluu, moja.
Mahali pa bei pamebaki wazi.

Siku hizi nguo ya mtoto ikija na doa
huuliza kwanza.