Taa ya Dirishani

Huko Chiloé, visiwa vya kusini mwa Chile,
ambako mvua haiulizi msimu,
mama yangu Edelmira alikuwa na mashua ya manjano
iliyoitwa Mkaidi.
Jina alilirithi pamoja na deni la injini.

Jumanne ile tulitoka gulioni
na magunia manne ya viazi, jiko la chuma,
mwalimu Nolberto na viatu vyake vipya,
na Ruth Millalonco, bibi harusi wa kesho,
aliyepakata keki kama mtoto mchanga.
Redio ilisema kaskazi mbaya itavuma jioni.
Saa nane mchana, jioni ikafika.

Maji yaligeuka rangi ya sufuria iliyoungua.
Mama hakungoja tone.
"Majaketi ya kuokolea. Fungeni sasa,
vidole vikiwa bado vinajua kazi."
Mwalimu akacheka, lake likining'inia wazi;
mama akamfunga mwenyewe, hadi kamba za mapajani.
Magunia mawili yakaenda baharini.
"Wote ngamani. Asisimame mtu, hata kutapika."
Mimi, wa miaka tisa, nikapewa ndoo
na amri moja: usihesabu, chota.

Wimbi huamkiwa kwa bega la omo.
Ukilipa ubavu, linakupindua.
Alipunguza injini kileleni, akaiongeza bondeni,
kama mpishi na jiko la kuni lenye kiburi.

Ndipo tukaiona
taa ya kwetu, ng'ambo ya mkondo,
maili mbili, labda pungufu.
Baba ameiweka dirishani.
"Ile pale!" Ruth alilia. "Edelmira, ile pale!"

Mama aliitazama kwa muda wa mawimbi matatu,
kisha akaipa mgongo.

Sijawahi kumchukia mtu
kama nilivyolichukia koti lake la mvua, la kijani,
likituelekeza demani mwa kisiwa
cha watu tusiowajua hata kwa salamu.

Nyuma ya miamba upepo ukakatika
kama redio iliyochomolewa.
Tukasikia mvua. Tukasikia meno yetu.

Mwenye nyumba hakuuliza majina.
Aliuliza, "Mlikuwa wangapi?"
Akatuhesabu kwa kidole, mmoja hadi wanne,
ndipo akapumua, akafungua mlango wote.
Tulikula keki ya harusi, ina chumvi,
kwa vijiko vya supu.

Asubuhi bahari ililala laini, haina haya.
Baba alikuwa gatini, macho yamevimba,
akashika kamba tuliyomrushia
na hakuiachia hata baada ya kuifunga.

"Taa inaonyesha mlango," mama aliniambia baadaye, akimenya viazi.
"Haionyeshi maji yaliyo katikati."

Ruth aliolewa Alhamisi, bila keki.
Na mwalimu Nolberto, hadi leo,
hufunga jaketi lake nyumbani,
hupita nalo sokoni katikati ya watu,
mapaja yamebanwa, akitembea kama bata,
na hakuna anayecheka.