Brashi Iliyolambwa

Mwanangu Vakaris alikula vyeupe tu:
kiini cha mkate, maziwa, viazi vilivyomenywa
hadi visibaki na jicho hata moja.
Ukimwekea karoti, anaifunika kwa kitambaa
kama anayesitiri maiti.

Mama yake alibembeleza. Mimi niliahidi baiskeli,
kisha nikatisha, kisha nikanyamaza,
maana mtoto wa miaka mitano akifumba mdomo
hakuna patasi ya kuufungua,
nami ni fundi wa malori, patasi ninazo.

Jumamosi moja mvua ilitukimbiza maktaba ya Zarasai.
Skaistė, mkutubi, alikuwa ameketi sakafuni,
soksi moja ya kijani, moja ya kijivu,
mapajani kitabu kikubwa kuliko sinia.

Picha tele, maneno haba.
Kalunguyeye mdogo amesimama kando ya dimbwi.
Ukurasa wa pili, bado amesimama.
Wa tatu, bado.
Jani linapita. Wingu linapita.
Chura anapita, wala hamsemeshi.
Watoto walisogea hadi magoti yakagusana.
Ukurasa wa saba kalunguyeye akachovya
ukucha mmoja.
Basi. Kitabu kimekwisha.

"Mbona hakuogelea?" nikauliza,
maana pesa za kodi yangu ndizo zimenunua kitabu kile.
Skaistė akanitazama kama niliyekanyaga miche.
"Dimbwi haliendi popote," akasema,
akaenda zake kuleta mabakuli.

Bitiruti iliyokunwa, ikielea katika damu yake.
Maji ya maganda ya vitunguu, manjano iliyochoka.
Mchicha uliopondwa.
Hakusema kuleni. Hakusema jaribuni.
Aligawa karatasi na brashi, akafungua dirisha kidogo,
harufu ya udongo mbichi ikaingia.

Vakaris alificha mikono nyuma.
Kisha mmoja ukatoka.
Mstari. Wekundu ukatambaa kwenye karatasi,
ukapungua, ukapungua, ukawa waridi,
waridi ileile ya supu baridi ya mama yake
aliyoikimbia Julai nzima, hadi chini ya kitanda.
Akachora dimbwi. Akachora miba, mingi mno,
hata kalunguyeye akafanana na fagio.

Brashi ikachanuka nywele.
Akafanya afanyavyo mama yake na uzi
kabla haujapenya tundu la sindano:
akaitia mdomoni ili aichonge ncha.

Akasita.

Akailamba tena,
na safari hii si kwa ajili ya ncha.

Kelele ya furaha ilinipanda hadi kooni.
Skaistė akaweka kidole midomoni,
nikaimeza nzimanzima, kama kidonge.

"Baba, chora na wewe."

Mimi? Darasa la nne mwalimu aliinua farasi wangu juu,
akauliza, hii meza imekufa ugonjwa gani?
Darasa zima likacheka, na Rimgaudas,
rafiki yangu, alicheka kuliko wote.
Tangu siku hiyo chaki yangu huchora vipimo tu,
juu ya chuma, mahali pa kukata.

"Sijui kuchora," nikasema.
Nikajisikia nafunika karoti kwa kitambaa.

Akanisukumia brashi, ingali na mate yake.
"Ukucha mmoja tu, baba."

Nikachovya.
Mkono unaofungua nati za magurudumu kumi
ulitetemeka juu ya karatasi ya watoto.
Farasi akatoka. Hakuwa meza, nadhani.
Vakaris akamhesabu miguu kwa kidole,
akarudia kuhesabu.
"Mbona mitano?"
"Huo mmoja wa akiba," nikamjibu, "kama tairi."
Akakubali. Jambo la maana kabisa.

Usiku ule alikula kiazi cheupe, kama kawaida.
Ila kwanza aliomba kijiko cha bitiruti,
akakichora kiazi mstari,
akakizungusha sahani mara mbili akikikagua,
ndipo akaanza kula,
upande usio na mstari.