Riali Mia na Ishirini

Zamu yetu ya upatu imeangukia Julai,
mwezi ambao Ruwi hata kivuli kinatoka jasho.
Riali mia na ishirini, ndani ya bahasha ya daktari wa meno.
Mama kazihesabu mara tatu, kisha kanipa,
na juu yake kofia aliyoishona nusu.
"Ipime kwa hii," kasema. "Uzi haudanganyi."

Azzan, ndugu yangu, hakubeba kitu ila masharti:
kadi ya picha ijitegemee, isiazime kumbukumbu ya jirani,
ramu kumi na sita, feni mbili,
na gemu lake la mpira lisikwamekwame golini.
Mimi nataka kioo.
Kioo kinachojua tofauti ya zari na zafarani,
ya kijani cha limau na kijani cha mtende.

Duka la kwanza: mpya, nyembamba kama kaki,
bei yake ukiisikia unarudisha mikono mfukoni.
Duka la pili: nafuu, ndiyo,
lakini ukiinama kidogo rangi zote zinafifia
kama mtu aliyekumbushwa deni.
Duka la tatu liko chini ya ngazi, nyuma ya wauza simu.
Biju kazipanga zilizotumika kama vitumbua kwenye sinia:
hii ilikuwa ya benki,
hii ya kampuni ya mabomba,
hii mwenyewe kahamia Doha, kaiacha na vibandiko vyake.

Azzan kaiona yake papo hapo.
Kibodi inawaka nyekundu, mgongo mnene,
mia na arobaini na tano.
Kafungua gemu, feni ikaunguruma
mpaka mteja wa pembeni akatazama kiyoyozi.
Nikaiweka kofia ya mama kando ya kioo.
Zafarani ikawa tope.

"Usikunje uso," nikamwambia kwa Kiswahili,
lugha yetu ya kupunguzia bei,
"na ile ya kijivu usiitazame, ndiyo ninayoitaka."
Basi akaitazama. Tena kwa macho yote mawili.
Biju hajui Kiswahili, lakini nyuso anazisoma:
mia na ishirini na tatu ikawa na nane
sijameza mate.

Ya kijivu, ya ofisi fulani, pembe imebonyea,
herufi M imefutwa na kidole cha mtu aliyeandika sana,
betri saa mbili, nazo kwa dua,
kadi ya picha ipo, ndogo, ya miaka mitano nyuma.
Lakini kioo!
Zafarani ikawa zafarani.
Nikakijaza weupe mtupu, nikakikagua kama anayetafuta chawa:
nukta moja imekufa, chini kushoto,
nyeusi kama mbegu ya rihani.
"Kwa hiyo nukta punguza kumi."
"Nukta moja, riali kumi?"
"Zingekuwa mbili ningeondoka."

Mia na kumi na nane.
Mbili zilizobaki tukanywea juisi ya parachichi,
na Azzan hakunisemesha mpaka basi lilipofika Al Khuwair.

Usiku gemu likacheza.
Kapunguza nyasi, kafuta vivuli,
watazamaji kawatoa wote,
mpira ukateleza laini katika uwanja usio na mtu.
"Si mbaya," kasema,
na Azzan hajawahi kusifu kitu kuliko hapo.

Kisha mama akavuta kiti, na daftari lake la viboksi:
miaka ishirini ya nakshi kwa penseli,
kila kiboksi kitobo kimoja cha sindano.
Nikamkuzia picha mpaka nukta zikajitokeza.
"Kumbe na hii ni viboksi tu."
Akachora nyota, akakosea upande.
Nikamwonyesha kitufe cha kurudi nyuma.
Akakibonyeza. Kosa likatoka bila kuacha tundu.

Yeye anayefumua kwa wembe tangu sijazaliwa
akakibonyeza tena, na tena,
anacheka peke yake,
mpaka nyota yote ikaisha
na kioo kikabaki cheupe, na ile nukta yake.
Akaigusa kwa ukucha.
"Na hii," akauliza, "haifumuki?"